Tasnifu ya uzamili katika masoko: chora majedwali matupu kabla ya kuchapa dodoso

Mleta uzi:

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Kila muhula unapoelekea ukingoni huwa napokea swali lilelile kutoka kwa wanafunzi wa uzamili wa masoko: "Masomo ya darasani nimemaliza, imebaki tasnifu tu, nifanyeje niimalize?" Hilo neno "tu" lilinila mimi mwaka mmoja na miezi kadhaa, na ndilo lililonisukuma kuandika hapa. Sitaeleza sura moja moja, kwa kuwa mwongozo wa chuo chako unazo. Nitaeleza mahali ambapo kazi hukwama, na kwa niliyoyaona, mara nyingi hukwama kabla data ya kwanza haijakusanywa, ingawa mwenyewe hugundua baadaye sana, akiwa ameketi mbele ya kompyuta na madodoso yamejazwa.

Mimi niligundua hivyo hivyo. Dodoso langu lilikuwa na maswali 57 na nililionea fahari. Lengo langu la tatu lilikuwa kuchunguza kama kuridhika kwa mteja ndiko kunakounganisha ubora wa huduma na uamuzi wake wa kubaki na kampuni ileile. Ubora niliupima kwa kauli nyingi, uamuzi wa kubaki kwa kauli nne, lakini kuridhika nilikuwa nimekuulizia kwa swali moja la "ndiyo" au "hapana". Karibu kila mhojiwa aliandika "ndiyo". Kigeu, yaani jambo linalopimwa, ambacho karibu watu wote wamekijibu sawa hakiwezi kueleza tofauti yoyote kati yao, na hakuna programu ya takwimu inayoweza kukifufua. Nilirudi uwandani upya, na sehemu kubwa ya yale maswali 57 haikuingia popote katika sura ya nne, ile ya matokeo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huu: kabla ya kuchapa dodoso, chora majedwali ya sura ya nne yakiwa matupu. Usiishie kuyawazia kichwani, yachore kwenye karatasi. Chini ya kila lengo andika jedwali litakalolijibu, lipe kichwa, taja safu zake, kisha ndani ya kila kisanduku andika namba ya swali la dodoso litakalokijaza. Zoezi hili huchukua jioni mbili na hufichua mambo mawili papo hapo. Kutakuwa na visanduku visivyo na swali, nawe utaongeza maswali hayo. Na kutakuwa na maswali yasiyo na kisanduku cha kwenda, nayo utayafuta hata kama unayapenda. Nilipolifanya kwa mara ya pili, dodoso langu lilishuka hadi maswali 26, na wahojiwa waliacha kulitupa wakifika ukurasa wa tatu.

Majedwali matupu pia huibana mada, na mada za masoko zina ugonjwa wa upana. Chukua mada ambayo kila mmoja wetu ameshaiona: "Athari za mitandao ya kijamii katika utendaji wa mauzo wa kampuni." Jaribu kuichorea jedwali. Utendaji wa mauzo utaupata wapi? Ukisema kwenye vitabu vya kampuni, je, kampuni imekubali kukupa takwimu za mauzo za mwezi kwa mwezi, au umeambiwa kwa mdomo tu kwamba "hakuna shida"? Kampuni nyingi hukubali utafiti na kukataa takwimu, na mwanafunzi hulijua hilo akiwa ameshapitishiwa pendekezo. Hapo ndipo watu huwagawia wafanyakazi wa kampuni madodoso yenye kauli kama "wateja wetu wanaridhika na huduma zetu", kisha huandika kwamba wamepima kuridhika kwa wateja. Walichopima ni maoni ya wafanyakazi kuhusu wateja, jambo linaloweza kuwa na thamani yake, lakini ni jambo jingine kabisa. Mtahini wa nje huanzia hapohapo: ni nani aliyejibu, na je, ana uwezo wa kujua alichoulizwa?

Mada hiyohiyo ikipunguzwa inaweza kuwa: "Uhusiano kati ya maoni ya wanunuzi wengine yanayoonekana chini ya tangazo na nia ya kununua miongoni mwa watu wanaonunua bidhaa ya aina hiyo kwa mara ya kwanza." Sasa mhojiwa anajulikana, vigeu ni viwili na vyote viko kichwani mwake, na hakuna ofisi ya mauzo unayoisubiri. Angalieni pia kwamba nimeandika "uhusiano" mahali pa "athari". Ukiwahoji watu mara moja, siku moja, kwa dodoso moja, unaweza kuonyesha kwamba mambo mawili huenda pamoja, lakini kudai kwamba moja limesababisha lingine ni kupita uwezo wa ushahidi wako. Ukilitaka neno "athari" kwa haki, fanya jaribio: kundi moja lione tangazo lenye maoni, jingine lione tangazo lilelile bila maoni, na watu wagawanywe katika makundi hayo kwa bahati nasibu. Utafiti wa namna hii unafanyika kwa gharama ndogo, nami hushangaa kwa nini wanafunzi wa masoko wanauogopa. Vilevile "nia ya kununua" si ununuzi. Andika hivyo mwenyewe kwenye mipaka ya utafiti, kabla hujaandikiwa.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, watu hukesha juu ya fomula na kusahau sharti lake. Ile ya Yamane ya mwaka 1967 ni rahisi: unagawanya idadi ya watu wote kwa moja jumlisha idadi hiyo ikizidishwa kwa mraba wa kiwango cha kosa. Wateja 1,000 na kosa la asilimia 5 hukupa 1,000 gawanya kwa 3.5, yaani watu 286. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 kwa watu haohao 1,000 husema 278, na idadi ya watu ikikua mno hukaribia 384 na kusimama hapo. Tofauti ya 286 na 278 haijamfelisha mtu. Kinachofelisha ni kwamba hesabu zote mbili zinachukulia kuwa kila mtu katika kundi alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, ilhali wewe ulisimama mlangoni ukawahoji waliokubali kusimama. Kama huna orodha ya wateja, usiandike kwamba ulitumia usampulishaji nasibu. Sema ulitumia sampuli ya waliopatikana kwa urahisi, eleza ulivyopunguza upendeleo, kwa mfano kwa kubadilisha siku na saa za kuhoji, na punguza ukubwa wa madai yako. Mtahini husamehe sampuli dhaifu iliyoelezwa wazi kuliko sampuli nzuri iliyosingiziwa.

Nakuja kwenye lugha ya dodoso, ambako ningependa nitulie kidogo. Vipimo vingi tunavyoazima vimeandikwa kwa lugha nyingine. SERVQUAL kwa mfano, kipimo cha ubora wa huduma kilichochapishwa na Parasuraman, Zeithaml na Berry mwaka 1988, kina kauli 22 katika nyanja tano, na mwanafunzi huzitafsiri usiku mmoja kisha akaendelea. Sasa tazama neno "uaminifu". Katika Kiswahili hubeba angalau mambo mawili ambayo maandiko ya masoko huyatenganisha kabisa: mteja kuiamini kampuni kwamba haitamdanganya, na mteja kutoihama kampuni hata akivutwa na mshindani. Mtu anaweza kuiamini kampuni na kuihama, na anaweza kubaki na kampuni asiyoiamini kwa sababu hana pengine pa kwenda. Katika jaribio langu la awali, yaani nilipolijaribu dodoso kwa watu wachache, kulikuwa na kauli "Mimi ni mteja mwaminifu wa kampuni hii." Mzee mmoja aliniangalia kwa mashaka, akaniambia, "Kijana, mimi sijawahi kudaiwa hata siku moja." Alikuwa ameelewa kwamba namuuliza kama analipa madeni yake. Kauli ile niliifuta, nikaandika: "Hata kampuni nyingine ikinipa huduma kama hii kwa masharti yaleyale, nitabaki na hii." Hakuna aliyenitazama kwa mashaka tena.

Njia iliyozoeleka ya kuepuka hayo ni kumpa mtu wa pili tafsiri yako airudishe katika lugha ya asili bila kuona maandishi ya mwanzo, kisha mlinganishe. Lakini hata baada ya hapo, kaa na watu wachache, waombe wasome kila kauli kwa sauti na waeleze kwa maneno yao wanavyoielewa. Humo ndimo utakamata pia kauli zenye mambo mawili ndani, kama "Huduma ni ya haraka na wahudumu ni wakarimu." Anayehudumiwa haraka na mtu mkali atajaza nini?

Baada ya jaribio la awali utakokotoa alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli za kigeu kimoja zinavyokubaliana, ambayo tangu mwaka 1951 imekuwa kama kitambulisho cha dodoso. Kiwango kinachotajwa zaidi ni 0.7. Ikitoka chini sana, usikimbilie kufuta kauli. Tazama kwanza kama una kauli za kukanusha ambazo hukuzigeuza alama. Kama 5 ni "nakubali kabisa", basi 5 kwenye kauli "Wahudumu hawanisikilizi" ni malalamiko, nayo lazima iwe 1 kabla ya kujumlishwa na nyingine. Alfa yangu moja ilikuwa chini ya 0.5, nikahuzunika wiki nzima, kumbe kosa lilikuwa hilo. Na ikitoka juu mno, zaidi ya 0.95 hivi, jiulize kama hujauliza swali lilelile mara sita kwa maneno tofauti.

Msimamizi. Najua wengi mna machungu hapa, nami nilikuwa nayo. Msimamizi wangu alinyamaza wiki saba baada ya mimi kumtumia kurasa 80 zenye ujumbe wa maneno matatu: "Naomba maoni yako." Siku hizi naelewa kwamba nilimpa mzigo usio na mpini. Nilipoanza kutuma kurasa sita zenye maswali matatu mahususi, kwa mfano "Je, kigeu cha bei kibaki kuwa kigeu huru au kiwe cha kudhibiti, na sababu zangu ni hizi" (kigeu huru ndicho kinachotumika kueleza matokeo, cha kudhibiti huwekwa ili kisiyachanganye), majibu yalianza kuja ndani ya siku chache. Kila baada ya kikao mwandikie muhtasari wa mliyokubaliana. Siku atakaposema hakuwahi kukuambia ubadilishe mada, utakuwa na pa kushika.

Mapitio ya maandiko nitayapitia kwa haraka: yapange kwa mishale ya kiunzi chako cha dhana, yaani mchoro unaoonyesha kigeu kipi kinahusiana na kipi, mshale mmoja sehemu moja, badala ya gwaride la "fulani alisema, na fulani naye akasema". Mwisho, kabla ya kuwasilisha, pitia sura ya tatu, ile ya mbinu, ukitafuta herufi nne tu: "-ta-" na "-li-". Tasnifu nyingi hufika kwa mtahini zikiwa bado zinasema "mtafiti atakusanya data", miezi minne baada ya data kukusanywa.

Nawasilisha. Wenye maswali karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta uzi, nashukuru sana, lakini umenikuta nimeshavuka huko. Nina nadharia tete nne, yaani makisio ninayoyapima, na nimemaliza regresheni, ule uchambuzi wa namna vigeu vinavyohusiana. Moja tu ndiyo iliyokubali, tatu thamani ya p imezidi 0.05, mpaka uliozoeleka wa kukubali kwamba uhusiano si wa bahati tu. Mwenzangu ananishauri "nizipange vizuri" data kidogo kwa sababu, kwa maneno yake, hakuna atakayefungua faili. Nimechanganyikiwa.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, usiguse faili hilo. Kwanza ni udanganyifu, na adhabu yake yaweza kukufuata hata baada ya kuvaa joho. Pili, data ya kupikwa inajulikana: watu halisi huacha maswali wazi, hujichanganya, na mara mojamoja hujaza 4 kuanzia juu hadi chini kwa sababu wamechoka. Faili lisilo na hata kasoro moja ya namna hiyo ndilo linalomtia mtahini shaka.

Nadharia tete tatu kutoungwa mkono si kufeli. Lakini usiandike kwamba umethibitisha kuwa uhusiano haupo. Andika kwamba data yako haikutoa ushahidi wa kutosha wa kuuonyesha. Kisha fanya kazi ya upelelezi, kwa sababu sura yako ya tano sasa ina nyama kuliko ya yule ambaye nadharia zake zote zilikubali. Je, sampuli ilikuwa ndogo kiasi cha kutoona uhusiano mdogo? Je, wahojiwa wote walikuwa wa aina moja, wenye kipato na umri unaokaribiana, hivyo majibu yao hayakutofautiana? Je, vigeu huru viwili vinafanana mno kiasi kwamba vinagombania maelezo yaleyale? Hilo la mwisho lipime. Programu yoyote ya regresheni itakupa kipimo cha vigeu kuingiliana. Na kama watafiti waliotangulia walipata uhusiano pale ambapo wewe hukuupata, eleza mazingira yenu yanatofautiana wapi.

Mchangiaji wa pili:

Nimesoma kwa makini, na kwa kuwa nimewahi kusimamia tasnifu kadhaa, naomba nipingane nawe kidogo. Hayo majedwali matupu yanamfaa mwenye dodoso. Mwanafunzi anayefanya mahojiano ya kina, kwa mfano kuhusu namna wenye biashara ndogo wanavyojenga taswira ya chapa bila idara ya masoko, ukimwambia achore majedwali mapema utamfunga macho. Atakwenda kutafuta alichokwisha kukiandika. Jambo la maana katika mahojiano mara nyingi hutajwa na mhojiwa wa tatu bila kuulizwa, nawe unapaswa kuwa huru kumuuliza wa nne kuhusu hilo.

Mleta uzi:

Mwalimu, nakubali, na nilipaswa kuliweka hilo wazi tangu mwanzo. Uzoefu wangu ni wa dodoso, na nimeandika kana kwamba kila mtu anafanya dodoso. Ila ningeomba utusaidie: mwanafunzi wa mahojiano atajuaje kwamba amekusanya vya kutosha? Kwa upande wetu fomula hutupa hata utulivu wa uongo.

Mchangiaji wa pili:

Swali zuri. Jibu linalotolewa ni kwamba unaacha pale mahojiano mapya yanapokoma kuleta jambo jipya, lakini wanafunzi wengi huandika sentensi hiyo bila kuonyesha walivyojua. Mimi huwataka wanangu waandike ukurasa mmoja usiku uleule baada ya kila mahojiano: nini kimerudiwa, nini ni kipya, nini kimepingana na cha jana. Ukifika mahojiano ya kumi na tatu na kurasa tatu za mwisho zote zinasema "hakuna kipya", una ushahidi wa kumwekea mtahini mezani. Anayesubiri amalize mahojiano yote ndipo aanze kusikiliza rekodi hawezi kujua chochote kuhusu hilo.

La pili ni lile neno "mada zilijitokeza". Mada hazijitokezi zenyewe kama uyoga. Wewe ndiye uliyezipanga, kwa hiyo eleza ulivyozipanga: msimbo upi, yaani lebo uliyoipa kauli ya mhojiwa, uliunganisha na upi, na kwa nini ulitenganisha "kuogopa mshindani" na "kuiga mshindani" ingawa wahojiwa waliyataja pamoja.

Mleta uzi:

Hili la ukurasa wa usiku uleule hata mwenye dodoso linamhusu. Laiti ningeandika siku ile ya yule mzee na madeni yake, nisingengoja wiki mbili kuitilia shaka kauli yenyewe.

Mchangiaji wa tatu:

Wakuu, mimi nimetetea wiki iliyopita na nimepita kwa sharti la masahihisho. Watahini wawili wameniachia hoja 34, nyingine zinagongana: mmoja anataka nipunguze sura ya pili, mwingine anataka niongeze nadharia. Sijui nianzie wapi, na tarehe ya mwisho inakaribia.

Mleta uzi:

Hongera kwanza, mlima umeshaupanda. Hoja zinazogongana usizitatue peke yako. Zipeleke kwa msimamizi siku hiyohiyo, kwa maandishi, ukipendekeza njia moja. Kwa mfano, unaweza kuongeza nadharia iliyoombwa kwa kurasa mbili na kuondoa kurasa sita za historia ya dhana ya masoko ambazo hakuna lengo linalozitegemea. Watahini wote wawili watakuwa wamesikilizwa.

Kisha tengeneza jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini kama alivyoiandika bila kuifupisha, ulichofanya, na ukurasa kilipo. Anza na hoja zinazogusa mada, malengo na nadharia tete, kwa sababu ukibadilisha lengo moja utalazimika kugusa utangulizi, kichwa cha jedwali la sura ya nne, hitimisho na ikisiri. Tahajia na marejeleo yaje baadaye. Pale usipokubaliana na mtahini, usikae kimya ukidhani hataona. Andika katika safu ya pili kwa adabu kwamba hukubadilisha, na sababu ni ipi. Una haki hiyo, ila isiwe kwa hoja kumi na tano kati ya 34.

Namba za kurasa katika ile safu ya tatu zijaze siku ya mwisho kabisa, faili likiwa limefungwa. Mimi nilizijaza mwanzo, nikaongeza aya moja sura ya pili, nikazirudia zote.